Mdudu Aliyempiku Dracula

Mwaka 1897 wasomaji wa London walipata vitabu viwili vya kutisha. Mwezi Mei ilitoka Dracula ya Bram Stoker. Miezi michache baadaye ikafuata The Beetle ya Richard Marsh. Ukimuuliza mtu yeyote leo ni ipi iliyouza zaidi, atakuona kama unamchezea. Ile nyingine ni gani hata? Lakini mwanzoni ni The Beetle iliyokimbia sokoni ikamwacha yule mwinyi wa Transylvania akihangaika na meno yake. Sasa Dracula yuko kwa katuni za watoto, kwa fulana, kwa matangazo ya dawa ya meno, na mdudu wa Marsh amebaki na maprofesa wachache pamoja na wale mashabiki wasiotosheka mpaka wafukue makaburi yote.

Niseme mapema: kwa jumla The Beetle si kitabu kizuri kuliko Dracula. Kina sehemu za kuchosha, na kuna mhusika mmoja utatamani mdudu ammalize mapema. Ila kurasa zake hamsini za kwanza zinanitisha kuliko chochote alichoandika Stoker. Halafu kuna hili jambo la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Kiumbe kinachotisha humo kimetoka Afrika, na kwa Marsh kutoka Afrika peke yake ni nusu ya kutisha kwenyewe. Sisi tunaosoma kitabu hiki tukiwa Umoja au Rongai tunakaa wapi ndani yake? Chini ya blanketi pamoja na Waingereza, tukitetemeka? Au pale kizani, upande wa yule anayetambaa?

Kwanza huyu Marsh ni nani. Jina la kuzaliwa ni Richard Bernard Heldmann, aliyezaliwa 1857. Alianza kwa kuandika hadithi za wavulana na mambo yakawa poa, kisha akaanza kuzungusha hundi feki. Mwaka 1884 mahakama ikampa miezi kumi na minane ya kifungo na kazi ngumu. Alipotoka, Heldmann hakuonekana tena. Akaibuka mtu anayeitwa Richard Marsh, akiandika kama mashine: hadithi za upelelezi, za mapenzi, za vichekesho, za mizimu, chochote mhariri alichokuwa tayari kulipia. Aliandika hivyo hadi kufa kwake mwaka 1915. Kwa hiyo kitabu hiki kuhusu kiumbe kinachobadilisha umbo na kujificha kiliandikwa na mtu aliyekuwa amebadilisha jina ili ajifiche. Sitaki kulazimisha maana hapo. Lakini mtu aliyelala jela anajua mambo fulani kuhusu njaa, na inaonekana.

Kwa sababu hadithi inaanza na njaa. Robert Holt ni karani asiye na kazi. Ametembea London nzima akitafuta ajira, yaani anatarmac, na viatu vinakaribia kuachana na miguu. Usiku, mvua inanyesha, anabisha kwenye makao ya kulaza watu maskini. Anaambiwa kumejaa. Hebu fikiria hilo kidogo: ameshajishusha kiwango cha mwisho, amekubali kuitwa maskini wa kulishwa na serikali, halafu hata hapo anafungiwa mlango. Anaendelea kutembea mpaka mtaa wa pembezoni ambako nyumba ni chache na barabara haijaisha kutengenezwa, na huko anaona dirisha limeachwa wazi.

Anaingia, na mimi ningeingia.

Ndani ni giza tupu. Anahisi hayuko peke yake. Anaona nukta mbili za mwanga karibu na sakafu, zinamkaribia, kisha kitu kinaanza kumpanda. Kinaanzia mguuni, taratibu, kinashika nguo, kinapita tumboni, kinafika shingoni, kinafika usoni, na yeye hawezi kuinua hata kidole. Marsh anaiandika safari hiyo bila haraka yoyote. Mtu yeyote aliyewahi kuamshwa usiku na mende anayetembea juu ya shuka katika bedsita anajua kwamba kinachotisha si mende mwenyewe. Ni ile sekunde kabla hujajua ni nini na kimefika wapi. Marsh anaichukua sekunde hiyo na kuivuta kurasa kadhaa.

(Kamusi inasema mdudu wa Marsh ni mbawakawa. Sawa. Lakini saa tisa usiku hakuna mtu Nairobi anayepiga kelele akisema mbawakawa.)

Taa inapowashwa Holt anamwona mtu kitandani, mzee kupindukia, sura ya kutisha, na macho yanayomnyang'anya mtu nia yake. Hapo Holt anageuka kifaa. Anavuliwa nguo zake zilizolowa, anavishwa joho na kutumwa usiku, miguu wazi, akaibe barua nyumbani kwa mwanasiasa mashuhuri, Paul Lessingham. Mwili unatembea, mwenyewe yuko ndani akitazama. Lessingham anapomfumania, Holt anajikuta akitamka jina la yule mdudu, na yule bwana anayetikisa Bunge kwa hotuba zake anajikunyata kwenye kona kama mtoto.

Ukisoma sehemu hii ukiwa na shahada na huna kazi, haihitaji maelezo. Mtu aliyekataliwa kila mahali hatimaye anapata wa kumchukua, na anayemchukua anamtaka mwili tu. Nimesoma uhakiki kadhaa unaoipitia sehemu hii haraka ili ufike kwa mambo ya Misri. Naona ni kosa. Usikose kuona kinachompata Holt baadaye. Anatumika, anatupwa, anafia kwenye chumba cha kupanga akiwa amebaki mifupa, na wale mabwana waliokuwa wakimtafuta wanamsikiliza maneno yake ya mwisho kisha wanatoka mbio maana wana treni ya kukimbiza. Zaidi ya hayo, kitabu kikiisha tunaambiwa kwamba ile simulizi nzuri tuliyoisoma mwanzoni, yenye sauti ya Holt mwenyewe, iliunganishwa na wengine kutokana na aliyowaeleza. Hata stori yake iliandikwa na watu wenye nafasi.

Sasa Misri.

Lessingham ana siri. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane alikuwa Cairo, akizurura usiku kutafuta burudani kwenye vichochoro. Akaingia mahali palipokuwa na mwanamke anayeimba, akanywa alichopewa, akaamka akiwa mateka kwenye hekalu la wafuasi wa mungu Isis. Alikaa humo zaidi ya miezi miwili bila nia yake mwenyewe, akitazama wanawake wa Kizungu wakitolewa kafara. Siku moja akili ikamrudia, akamkaba koo yule mwanamke, na mikononi mwake mwanamke akageuka mdudu. Akatoroka. Miaka ishirini baadaye amekuwa mheshimiwa, ana mchumba anayeitwa Marjorie Lindon, na kilichokuwa Cairo kimepanga nyumba London.

Tuangalie mwaka wenyewe. Uingereza iliikalia Misri kijeshi mwaka 1882. Mwaka 1885 Jenerali Gordon aliuawa Khartoum, na magazeti ya London hayakulimaliza kilio hicho kwa miaka. Mwaka 1896 jeshi la Kitchener lilikuwa likipanda Nile kuelekea Dongola kulipiza. Mwezi Februari 1897 wanajeshi wa Uingereza waliiteketeza Benin na kubeba shaba zake zinazogombaniwa mpaka leo. Mwezi Juni Malkia Victoria akasherehekea miaka 60 ya utawala kwa gwaride la watu kutoka kila koloni. Na huku kwetu, nchi ilikuwa imeshatangazwa himaya ya Uingereza mwaka 1895, na reli iliyoanzia Mombasa mwaka uliofuata ilikuwa ikisogea bara. Yaani wakati karani wa London anasoma The Beetle kwenye treni akirudi nyumbani, kuna watu walikuwa wakilaza vyuma vya reli kwenye nyika ya Taru.

Mhakiki Stephen Arata aliandika mwaka 1990 makala ambayo wanafunzi wengi wa fasihi wameipitia, akisema Dracula inabeba hofu ya mkoloni kwamba siku moja atatendewa alichowatendea wengine: mgeni atakuja, atanunua ardhi, atachukua wanawake, atageuza wenyeji kuwa watu wake. Naikubali hoja hiyo, ila kila nikiifikiria naona The Beetle inaibeba waziwazi zaidi. Transylvania haikuwa koloni la Uingereza. Cairo ilikuwa na askari wa Uingereza barabarani. Yule mdudu hatoki mahali pa kubuni. Anatoka mahali ambapo msomaji ana mjomba anayefanya kazi huko na kutuma barua nyumbani.

Ndiyo maana Marsh hamwachii mdudu hata chembe ya haki. Kila msimulizi anapomweleza, anaanza na ngozi, anaenda kwa pua na midomo, kana kwamba anatoa ushahidi kortini. Hekalu lake ni machinjio tu. Na karibu na mwisho, kwa aya chache za pembeni, tunaelezwa kwamba wakati wa msafara ule wa Dongola kulitokea mlipuko chini ya ardhi jangwani na pango zima likaangamia. Kwisha. Vita halisi vya ukoloni vinaingia kwenye riwaya ya mizimu kufanya usafi. Sijui aya nyingine katika vitabu vya aina hii inayofichua mengi kiasi hicho bila kukusudia.

Kuna njia rahisi ya kumaliza mjadala huu, na kwa mitandao naiona kila wiki: geuza meza, sema mdudu ndiye shujaa, andika uzi, pata likes. Naona ni uvivu. Marsh hakuacha mlango huo wazi. Kiumbe chake kinamtesa Holt, mtu asiye na chochote na asiyewahi kukanyaga Misri. Kinamtesa Marjorie, ambaye kosa lake ni kupendwa. Kikilipiza kisasi, hakiwafikii kamwe wanaoamuru majeshi. Tukijiweka upande wake kwa sababu tu kimetoka bara letu, tunakuwa tumekubali dai la Marsh kwamba hiyo ndiyo sura yetu, tofauti ni kwamba sisi tunaipigia makofi.

Kinachonisaidia mimi ni kitabu kingine kabisa. Mwaka 1960 ilichapishwa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari, baada ya kushinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau. Wengi wetu tulimjua mpelelezi wake, Bwana Msa, kupitia mzazi au mwalimu aliyempenda. Ni Sherlock Holmes wa Unguja, kiko mdomoni na msaidizi wake Najum pembeni. Kuna maiti, kuna mzimu wa mababu, watu wana hofu zao na minong'ono yao. Bwana Msa anafika, anavuta kiko, anauliza maswali, na anatafuta mtu mwenye mikono na sababu ya kuua.

Linganisha na The Beetle. Nako kuna mpelelezi, Augustus Champnell, anayesimulia robo ya mwisho. Anakusanya ushahidi, anafuatilia treni kwa telegrafu, na mwishowe anakiri kwamba hana maelezo. Uchawi ni wa kweli na mpelelezi wa London ameinua mikono. Kumbe aliyehitaji uchawi wa Kiafrika uwe wa kweli ni Mwingereza! Mzanzibari, aliyezaliwa karibu na mizimu yenyewe, ndiye aliyekaa kitako na kusema hapana, hapa kuna mtu na tamaa zake. Tunapenda kusema hadithi za kutisha za kwetu zilikosa kukua kwa sababu waandishi wa Kiswahili waliiga upelelezi wa Kizungu. Mimi naona Abdulla aliufanyia upelelezi huo kitu ambacho wenyewe hawakuthubutu: aliutumia dhidi ya picha waliyokuwa wametuchorea.

Na siseme mizimu haina kazi. Waulize Wamijikenda kuhusu vigango, zile nguzo za ukumbusho wa wazee wa Gohu, ambazo kwa miongo zimekuwa zikiibwa na kuuzwa hadi zikafika kwenye makumbusho ya Marekani. Familia zilizoibiwa zinasimulia ukame, maradhi na vifo vilivyofuata. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa. Mtu akiandika riwaya ya kutisha kuhusu kigango kilichosimama kwenye sebule ya tajiri fulani huko ng'ambo, hatahitaji mdudu wala hekalu. Nguzo isimame tu pale usiku, na mwenye nyumba ajue ilikotoka.

Tukirudi kwa Marsh, lazima nimtaje Sydney Atherton, kwa sababu anaharibu karibu robo nzima ya kitabu. Ni mvumbuzi tajiri, mchumba aliyekataliwa, anajiona mchekeshaji, na hafungi mdomo. Marsh alimpenda sana, unaona. Hata hivyo kuna jambo la ajabu katika maabara yake. Atherton anatengeneza gesi ya sumu ya kuua majeshi mazima, anaijaribu kwa paka, na anaongea juu ya kazi hiyo kama mtu anayepanga sherehe. Riwaya inamchukulia kama rafiki mzuri mwenye kasoro ndogo. Mwezi Aprili 1915 gesi ya klorini iliachiliwa Ypres, na Marsh alikufa mwaka huohuo. Alikuwa ameandika jini mbili ndani ya kitabu kimoja na kuitambua moja tu.

Marjorie anasimulia sehemu ya tatu, na kitabu kinapata pumzi tena. Ni mwanamke wa mikutano ya siasa, ana maoni, hamwogopi baba yake. Adhabu yake inakuja kwa mpigo: mdudu anamteka, anamkata nywele, anamvika matambara ya kiume na kumtembeza mjini bila mtu kumtambua. Riwaya inatisha hapa kwa sababu haijui inataka nini. Inampenda Marjorie kwa ujasiri wake na inamwadhibu kwa ujasiri huohuo. Baadaye anaokolewa kwenye ajali ya treni, ya mdudu inabaki madoa tu kwenye behewa, na yeye anachukua miaka kupona, akiandika stori ileile tena na tena bila kubadilisha neno.

Sijaona tafsiri ya Kiswahili ya The Beetle, na nimekuwa nikijiuliza ingefanywaje, kwa sababu kuna kipengele kinachonikosesha usingizi. Hofu kubwa ya wasimulizi wa Marsh ni kwamba hawajui kama kiumbe yule ni mwanamume au mwanamke. Kiwakilishi kinabadilika katikati ya aya, na kila kikibadilika wanazidi kuchanganyikiwa. Kwa Kiswahili hofu hiyo inayeyuka. Alikuja, aliniangalia, alinigusa: hakuna anayeuliza jinsia. Sisi tuna mpasuko wetu kwingine, kwenye ngeli. Mtafsiri mzuri angeanza na a-, halafu sentensi moja ghafla iseme li-. Alikuwa kitandani. Alinitazama. Lilishuka. Mimi hapo ningewasha taa.

Kwa nini basi Dracula aliishi na mdudu akafa? Nadhani jibu liko kwenye nguo. Dracula ana joho, ana jina, ana kanuni: kitunguu saumu, msalaba, jua, mti wa kifuani. Mtu yeyote anaweza kumwigiza. Sinema ikamkuta tayari, kwanza Nosferatu mwaka 1922, halafu Bela Lugosi mwaka 1931, na baada ya hapo hakuhitaji kitabu tena. Mdudu wa Marsh naye aliwekwa kwenye filamu bubu mwaka 1919, lakini utamvika nini? Hana jina. Hana jinsia. Hakuna anayejua anauawaje. Kilichomfanya atishe kwenye karatasi ndicho kilichomfanya asiuzike kwa pazia. Ukoo haukupotea bure, hata hivyo. Mjukuu wa Marsh ni Robert Aickman, aliyeandika karne iliyofuata hadithi fupi za ajabu ambazo humalizika kabla hujaelewa kilichokupata, na ukisoma zake baada ya usiku ule wa Holt utaona mkono wa babu.

Kitabu hakina tena mwenye hakimiliki, kwa hiyo kiko Project Gutenberg bure, na bando ndogo tu inatosha kukishusha. Soma sehemu ya Holt kwa kikao kimoja. Kwa Atherton unaweza kurukaruka, hakuna atakayekushtaki, ila usiikose ile siku mgeni wa Misri anapoingia maabara. Ya Marjorie isome yote. Ukifika kwa Champnell, ongeza mwendo hadi pale wanapompata Holt kwenye kile chumba, kisha punguza, na umhesabie wanampa dakika ngapi.